Mgonjwa Ambaye Sikumwandika

Sista Generoza alifariki wiki tatu zilizopita, hapa hapa Buhongwa, nyumbani kwa mwanawe, na mimi nilikaa msibani siku mbili kama ndugu wa damu. Nilichambua mchele, nilipokea wageni, niliimba mpaka sauti ikakauka. Siku ya pili, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Bukoba, mwanawe alinishika mkono akasema, "Mama mdogo, wewe ulifanya naye kazi kule ziwani. Tusimulie kidogo." Nikasimama. Nikasimulia jinsi mbuzi alivyoingia kwenye chumba cha dawa akala kadi za kliniki, na jinsi Sista alivyokuwa akiwagombeza wavuvi kwa Kihaya pale Kiswahili kilipomwishia. Watu walicheka, wengine wakafuta machozi huku wanacheka. Nikakaa chini nikiwa nimejichukia. Sikudanganya, mbuzi kweli alikula kadi. Lakini mwanamke yule alinitendea jambo moja ambalo hakuna mwingine aliyewahi kunitendea, na nililinyamazia mbele ya jeneza lake kwa sababu kulisema kungenilazimu nieleze na ya kwangu. Nilirudi nyumbani, kwenye nyumba yangu ya vyumba vitatu ambamo hulalwa chumba kimoja tu, nikachemsha chai, nikakaa nayo mpaka ikapoa. Mtu pekee aliyekuwa akiijua habari ile pamoja nami alikuwa ameondoka. Kwa miaka thelathini na ushei hatukuizungumza hata mara moja, lakini nilipokuwa nakwenda kumsalimu Jumapili nilikuwa nakaa karibu na mtu anayejua, na hilo lilinitosha. Sasa najua peke yangu, na nimegundua kwamba siwezi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha uuguzi bado kinanukia wino, nilipopangiwa zahanati ya kijiji kimoja cha ufukweni upande wa Magu. Kijiji sikitaji, kwa sababu watu wake bado wapo na wajukuu zao wanajua kusoma. Niseme mapema, ili msomaji asije akasema nilimficha: mwaka ule ndio ulioamua kwamba sitazaa, na nilikuwa nataka mtoto kuliko kitu chochote. Mganga wa zahanati alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na Sista Generoza, nesi aliyenitangulia pale, tukiishi nyumba moja ya watumishi yenye vyumba viwili na jiko la nje. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha chuma, sanduku, na dirisha lililotazama mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga na wanawake wanapoanika dagaa mchangani. Harufu ya dagaa iliingia kwenye mashuka na haikutoka tena. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na mtindi. Mchana ugali wa muhogo kwa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, au kwa mapanki, yaani mifupa ya sangara ambaye minofu yake imekwenda kiwandani. Sista alikula polepole akitazama ukutani. "Chakula hiki kinashibisha," alikuwa anasema, "lakini hakisemi na mtu." Alikuwa anakumbuka ndizi za kwao. Mimi sikuwa na hata ndizi za kukumbuka. Mimi Mjita, Kisukuma nilikuwa nakisikia nusu nusu, na jioni, kina mama wakitaniana mchangani, nilikuwa nasimama dirishani nikicheka wanapocheka, bila kujua wanacheka nini.

Zahanati yenyewe ilikuwa na vyumba vitatu na kuta ambazo hazikufika juu. Fundi aliziacha usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo mpaka kwenye bati ilikuwa ni hewa tu. Ukikohoa chumba cha sindano, mtu wa benchi anakuambia pole. Sasa fikiria mwanamke anayekuja kueleza kwamba anatokwa na uchafu, au anaungua akikojoa, au ana kidonda mahali asipoweza kupaonyesha hata kwa dada yake. Sista Generoza alipata akili: alileta redio yake, akaiweka juu ya kabati, na kila alipoingia mgonjwa wa namna hiyo aliifungulia kwa sauti kubwa. Alijiona amewasitiri. Ilichukua mwezi mzima kabla sijaelewa yanayosemwa benchini. "Leo imelia mara tatu," mama mmoja alimwambia mwenzake, akijipepea kwa kadi ya mtoto. "Ya tatu ni ya nani?" "Mke wa mwenye boti la injini." "Ee! Na yeye?" "Si umesikia taarabu?" Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinajua: redio ikilia, aliyeingia ana ugonjwa wa zinaa. Nilipomweleza Sista, alishika kichwa kwa mikono miwili. Kuanzia siku hiyo akawa anaiacha wazi kutwa nzima ili ichanganye watu, mpaka betri zikaisha nguvu, tukawa tunazianika juani ukutani ili zipate uhai kidogo. Zilipofufuka tulizihurumia, tukarudia ule ule mtindo wa zamani. Ndivyo binadamu alivyo.

Kila Jumatatu, kabla ya kupima watoto, tuliwafundisha akina mama. Sista alikuwa hapendi maneno ya vitabu. Alikuwa anawaambia kwamba mwanamume akipata gonjwa hili huungua na kukimbia hospitali, lakini mwanamke anaweza kukaa nalo miezi, analima, anacheka, anaimba kwaya, na lenyewe linapanda taratibu kwenda kwenye kizazi. Anawaambia usijioshe ndani kwa sabuni ya mche, wala chumvi, wala majani ya mtu yeyote, maana wengi waliamini ukimaliza kulala na mume ukajisugua vizuri umeuondoa ugonjwa, na kumbe wanajichubua na kuufungulia mlango. Anawaonyesha kondomu bila kutabasamu, wao wanatabasamu kwa niaba yake. Halafu anamaliza kwa lile lililokuwa gumu kuliko yote: ukiugua, mlete na mwenzako. Kukutibu wewe peke yako, alikuwa anasema, ni kuchota maji mtumbwini bila kuziba tundu. Kwa kazi hiyo tulikuwa na kadi ndogo za buluu. Kila mgonjwa alipewa mbili, ya kwake na ya mwenzi, zenye namba tu bila jina. Kadi za wagonjwa zilirudi zikiwa zimechakaa kwa kutumika. Za wenzi hazikurudi.

Ni Minza aliyetufundisha kwa nini. Alikuwa mwanika dagaa wa miaka kama thelathini, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya pili, na siku hiyo alikuja kwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili na tatizo lile lile. Sista alimkazia macho. "Dawa ulimeza zote?"

"Nilimeza, sista."

"Zote?"

"Zangu zote."

Sista akaweka kalamu chini. "Zako ni zipi?"

"Si nusu? Nusu nyingine za mzee."

"Mzee alikubali kumeza?"

"Hajui," Minza akasema, akashusha sauti ingawa redio ilikuwa inalia. "Namsagia kwenye uji. Sasa sista, nile dawa peke yangu wakati ugonjwa ni wa wote wawili? Hata samaki tunagawana, yeye kichwa, mimi mkia. Nikila peke yangu si watasema mimi mchawi?"

"Na kadi niliyokupa?"

"Ipo kwenye kitabu cha nyimbo. Nikimpa ataniuliza nimeitoa wapi. Nikisema zahanati, ataniuliza nilikwenda kusema nini zahanati. Si mtu wa kupiga, nisimsingizie. Ila hunyamaza. Akinuna, sista, anaweza kukaa mwezi mzima hajaniita hata jina, na mimi bora anipige."

Nilikuwa nimegeukia kabati, nimejiziba mdomo kwa kicheko. Uji! Minza alipotoka na dozi mbili kamili na maonyo ya kutosha, Sista alinigeukia mimi. "Unacheka nini, binti? Yule ameelewa kitu ambacho sisi na vyeti vyetu hatujakielewa. Amejua mume lazima atibiwe. Kilichomshinda ni mdomo tu." Hakula vizuri mchana ule. Aliukata ugali vipande vidogo vidogo akavipanga pembeni mwa sahani, na ghafla akasema, "Kichocho." Nikadhani anaumwa. Kumbe amepata njia. Ziwani kwetu kichocho hakimwaibishi mtu; kila mwanamume anayeshinda majini anajua iko siku atakojoa damu. Wiki iliyofuata aliandika kwa mkono nyuma ya kila kadi ya buluu: Njoo kupimwa mkojo. Wakaja. Walikuja wawili wawili, wamevaa mashati safi, na chupa mkononi. Akishamfungia mmoja mlango alimweleza yote, ya kichocho na ya pili, akampa vidonge ameze mbele yake. Nilimuuliza kama huko si kuwadanganya. "Simdanganyi mtu," akasema. "Namwita kwa mlango asioona haya kuupita. Akishaingia namwambia ukweli wote, na kama anataka kukasirika anikasirikie mimi." Mume wa Minza alitoka mle ndani kama mtu aliyenyeshewa. Baada ya wiki Minza akapita dirishani kwangu na beseni kichwani. "Amenuna siku tatu tu!" akapiga kelele, na kijiji kizima kikasikia, na hakujali.

Mimi nilikuwa na Deo. Alikuwa anafanya kazi chumba cha barafu kwenye kiwanda kimoja cha samaki mjini Mwanza, na kila Jumamosi ya pili alikuja na gari la barafu lililofuata sangara mwaloni, akarudi nalo Jumapili. Alikuwa mrefu, mpole, na mikono yake ilikuwa baridi hata akiwa amekaa juani. Alikuwa anakuja na mkate wa mjini na magazeti ya wiki nzima, na alikuwa ananiita Mode. Hakuna mtu mwingine kule aliyenifupisha jina. Kwa watu wote nilikuwa sista au nesi, na kwa Generoza nilikuwa binti. Siku kumi na tatu nilikuwa naishi kwa kuzihesabu, na ile ya kumi na nne nilikuwa Modesta. Ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara ya kwanza. Chini ya meza yangu ya kazi kulikuwa na boksi zima la kondomu, na nilipojaribu kulitaja siku moja alicheka akasema, "Mode, pipi hailiwi na ganda lake." Na mimi nikacheka. Mwalimu wa Jumatatu nilicheka.

Dalili zilipoanza nilizijua siku hiyo hiyo. Sikuwa na kisingizio cha kutojua, na sitaki mtu anitafutie. Nilingoja Sista aende mwaloni kununua samaki, nikafungua kabati, nikajihesabia vidonge vya siku saba. Daftari la wagonjwa lilikuwa wazi mezani. Lilitaka jina, umri, kijiji, tatizo, dawa. Nililitazama kidogo, nikalifunga. Sista alipouliza mbona dawa zimepungua nikamwambia bati linavuja, zimelowa, nimezitupa. Nilimeza zote, sikugawana na mtu, nikapona. Jumamosi akaja Deo. Nilikuwa nayajua maneno yote. Niliwafundisha wanawake wenzangu namna ya kuanza: ngoja ashibe, usiseme umeniletea, sema tumepata. Nilimpikia sato, akashiba, akaegemea ukuta, akaanza kunisomea gazeti kwa sauti yake ile ya taratibu, na mimi nikamtazama nikawaza kwamba nikifungua mdomo sasa, Jumamosi ya pili hatakuja mtu. Niliogopa chumba kile bila yeye kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Huo ndio ukweli, wala sina mwingine uliosafishwa zaidi. Nilikuwa mpweke, na mtu mpweke hufanya hesabu mbovu.

Nikaugua tena, nikajitibu tena, bati likavuja tena. Mara ya tatu hapakuwa na uchafu mwingi, palikuwa na maumivu tu chini ya kitovu, yanakuja na kuondoka, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo linaniumbua nikilikumbuka. Niliyaita chango. Kila mwanamke wa kwetu ana chango. Tumbo likikuvuta ni chango, usipopata mimba ni chango, ukipata ikaharibika ni chango. Jirani yetu, bibi mmoja mwenye roho nzuri, aliniona nimejikunja mlangoni, akaniletea mizizi kwenye kikombe cha bati. "Kunywa, mwanangu, hii ya uzazi." Nikanywa. Nesi mwenye cheti, niliyekuwa nawakataza wengine majani ya mtu yeyote, nilikunywa kikombe kizima, nikashukuru, na kesho yake nikamwomba kingine. Mganga hajigangi, husema watu kwa mzaha, na mimi pia nilikuwa nausema.

Ilikuwa Jumatatu ya kupima watoto. Nilikuwa nimembeba mtoto wa kiume mnene, namvalisha ile suruali ya mzani, anapiga mateke, na mama yake anajisifu uzito wake kabla hata hajapimwa. Maumivu yakanikata. Nilimrudishia mama yake mtoto, nakumbuka nilimrudishia vizuri, nikakaa sakafuni. Homa yangu ilikuwa kali. Sista alinikokota chumbani kwake, akanilaza, akanibonyeza tumbo, akanitazama usoni muda mrefu. Alikuwa ameona matumbo mengi.

"Tangu lini?"

Nikamwambia.

"Tunalala nyumba moja," akasema. "Tunakula sahani moja. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa redio," nikasema.

Alinigeuzia mgongo akaanza kukunja kanga zangu na kuzitia kwenye mfuko, na alizikunja na kuzikunjua mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Siku hiyo hiyo alisimamisha lori lililokuwa linatoka Magu na pamba, tukapanda wote wawili juu ya pamba, akanishika kichwa mapajani mpaka Mwanza. Nililazwa majuma mawili. Damu yangu ilipimwa ile ndwele kubwa ambayo wakati ule ilikuwa inafukia watu kila wiki, na majibu yakaja kwamba nimesalimika. Kwenye mazungumzo hayo hayo daktari, kijana wa rika langu aliyekuwa haniangalii, akaniambia kwamba mirija imeharibika pande zote na kwamba kushika mimba itakuwa vigumu sana. Nilimuuliza vigumu maana yake nini. Akasema, "Sista, wewe ni mtu wa kazi hii, unajua." Mficha uchi hazai: methali hiyo nilikuwa nawapigia wanawake kila Jumatatu, nikiirusha kwa madaha, wao wanaitikia. Nililala nimetazama ukuta wa wodi, pembeni yangu mwanamke anamnyonyesha pacha mmoja huku wa pili analia, na akaniomba nimshikie huyo wa pili. Nilimshika.

Siku hizi mambo ni tofauti, na nisipolisema hilo nitakuwa mtovu wa shukrani. Kabla sijastaafu niliona wasichana wa shule wakipangwa mstari kuchanjwa chanjo ya mlango wa kizazi, wanapiga kelele za sindano tu. Kuna vipimo vya dakika kumi na tano. Kuna wanaume wanaosindikiza wake zao kliniki na kukaa benchi moja nao, wanacheza na simu, hakuna anayewashangaa. Nimeyaona yote hayo pale mjini kwa miaka, na nimefurahi kwa dhati. Lakini mara kwa mara alikuwa anaingia binti mwenye kucha zilizopakwa rangi vizuri, simu nzuri mkononi, anakaa, anaanza kunieleza habari za rafiki yake ambaye anaumwa tumbo. Rafiki! Nilikuwa namwacha amsimulie rafiki mpaka mwisho.

Niliporudi kijijini nilikuta redio haipo juu ya kabati. Benchi nalo lilikuwa limehamishiwa nje, upande wa pili wa jengo, chini ya kibanda kipya cha nyasi na miti ya kujiegemeza. Sista alinipa kadi ya buluu, moja, ya mwenzi. "Hii utaitoa au utaiweka kwenye kitabu cha nyimbo?" Jumamosi Deo alikuja. Alikuwa hajui kwamba nimelazwa. Alidhani nilikwenda semina, kwa sababu ndivyo nilivyomwachia ujumbe. Nikampakulia ugali na sato, nikaweka ile kadi mezani karibu na bakuli la maji ya kunawa, nikasema yale maneno. Nikasema tumepata. Nikasema na la mirija. Alinisikiliza kwa upole wake ule ule, hakunyanyua sauti. Alipomaliza kusikiliza aliniuliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema, "Sista Generoza."

"Na wewe unakaa hapa na wavuvi," akasema polepole, si kwa ukali, kama mtu anayejaribu shati kuona kama linamkaa. Kisha akala. Alimmaliza samaki wake mpaka kichwa, akanawa, akajifuta, akasema gari litamwacha, ingawa siku zote lilikuwa halirudi mpaka Jumapili. Kadi aliiacha ilipokuwa. Wiki mbili baadaye alikuja baba yake mdogo na maneno mazuri ya kuahirisha, na tangazo la pili halikusomwa kanisani. Nasikia alikuja kuoa, akazaa, na sijawahi kujua kama alitibiwa. Yule mke wake nilimfikiria kwa miaka mingi kuliko nilivyomfikiria yeye.

Zilibaki siku chache mwaka kwisha. Nilikuwa nimerudi kazini lakini nilikuwa nafanya kazi kwa mikono tu. Nilikuwa napima, nahesabu, naandika, bila kumtazama mtu. Siku moja asubuhi, Sista akiwa chumba cha pili anamfunga mtu kidonda, aliingia binti wa miaka kama ishirini, mshonaji. Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, akanipa shikamoo ya chinichini, akaeleza. Nilimpima, nikamwandika, nikamhesabia dawa, akameza za kwanza mbele yangu, nikampa kadi mbili. Ile ya pili akairudisha mezani kwa kidole.

"Hii hapana, sista. Tunafunga ndoa baada ya Pasaka."

"Ndiyo maana anatakiwa aje."

"Nitapona tu. Nikipona si imekwisha? Nikimwambia ataniacha." Akaanza kufunga dawa kwenye ncha ya kanga. "Ninyi manesi mnasema hivyo kwa sababu hayajawakuta."

Nikamwambia, "Yamenikuta."

Mikono yake ikasimama.

"Mwaka huu huu," nikasema. "Hapa hapa. Nikajitibu peke yangu kimya kimya, mara mbili, na mara ya tatu nikanywa mizizi. Nikaogopa kumwambia asije akaniacha."

"Ukapona?"

"Nilipona."

Alinitazama kwa mara ya kwanza, akitafuta usoni kwangu kama nadanganya. Halafu akauliza lile swali ambalo kila mwanamke humuuliza mwanamke mwenzake, kwa wema tu, bila ubaya wowote: "Sasa hivi una watoto wangapi, sista?"

"Sina," nikasema. "Na sitapata. Ndiyo maana nakuambia umlete."

Sikuwa nimewahi kulitamka. Daktari alikuwa amelisema, na Deo nilimwambia la mirija, lakini neno lenyewe, sitapata, lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu. Yule binti aliichukua kadi. Hakuitia kwenye kanga. Aliishika mkononi, akasimama, akasema asante, akatoka. Alimleta mchumba wake Alhamisi, na alikuwa na chupa ya mkojo, masikini, lakini hiyo ni habari ya Alhamisi. Siku ile, alipotoka tu, Sista Generoza alikuja akasimama mlangoni na mikono yake bado ina dawa ya vidonda. Alikuwa amesikia, na nilingoja anipongeze, au anipe pole, au aniambie Mungu ana njia zake, kama walivyoniambia wengine wote tangu hapo. Alinitoa kwenye kiti changu kwa kunishika bega, akanikalisha kwenye kile kiti cha mgonjwa, chenye joto bado. Akavuta daftari upande wake, akaandika jina langu, umri, kijiji, tatizo, yote, kwa mwandiko wake ule mkubwa.

"Sasa lia," akasema. "Waliobaki nitawaona mimi."

Akavuta pazia la mlangoni akatoka na meza yake nje, na mimi nikalia mpaka saa saba mchana, huku namsikia akiwaita mmoja mmoja.